Kuvaa kwa shoo ya nje usiku, Nairobi ya mwezi wa saba: maswali yanayorudi kila mwaka

Mimi mtu wa Mombasa, Nairobi nimekaa miaka kumi na mbili sasa, na mitatu kati ya hiyo nlikuwa nauza mavin (zile kofia za sufu za kuvuta mpaka masikioni) na shuka nje ya mageti ya shoo. Kwa hivo nimewaona watu wakiingia saa mbili usiku wamependeza na nimewaona haohao wakitoka saa kumi alfajiri wamejikunyata kama kuku wa mvua. Maswali ya hapa chini ndio yale yale ninayotumiwa kila mwezi wa sita ukianza. Kama huna muda wa kusoma yote shika hili tu: usivae kwa ajili ya kuingia, vaa kwa ajili ya kurudi.

## Baridi yenyewe

Kwani Nairobi kuna baridi gani mpaka iandikiwe maswali?

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kila ukipanda mita elfu moja joto linapungua kama digrii sita na nusu hivi. Basi mtu akipanda treni Mombasa na fulana yake akashuka huku, digrii zaidi ya kumi ashazipoteza njiani na jua bado halijatua. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mwanzo mwanzo kuna siku wingu linakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, jua hulioni siku tatu nne, alafu usiku inashuka mpaka 12, 11, siku zingine hata chini ya 10.

Kitu ambacho wengi hawajui, wingu la usiku ni blanketi. Ukitoka ukaangalia juu ukaona nyota zimejaa zinang'aa vizuri, usifurahi sana, usiku huo ndio utakoma, manake joto la ardhi linapanda juu na hakuna cha kulizuia.

Digrii 11 ni baridi kweli? Binamu yangu yuko Minnesota na ananicheka.

Binamu yako ana haki yake, lakini yeye shoo ya wakati wa baridi anaiona ndani ya ukumbi wenye hita, anashuka kwa gari, anakimbia dakika mbili, koti analiacha mlangoni, anabaki na fulana. Wewe unasimama nje masaa manane kwenye nyasi zenye umande, na umetoka kwenye nyumba ambayo haina hita pia, yaani mwili umeanza kupoa tangu unaoga. Hizo ni digrii 11 tofauti kabisa. Akija likizo Julai na akavaa fulana usibishane naye, mwekee leso moja kwenye mkoba, saa tisa usiku ataiomba mwenyewe.

Ni Nairobi tu au na kwingine?

Kwingine ni zaidi. Limuru na Tigoni kule kwa majani chai unapita mita elfu mbili na kuna ukungu unaolowesha nywele bila mvua. Naivasha watu waliijua vizuri Safari Rally ilipokuwa inafanyika mwezi wa sita, 2021, 2022 na 2023, mchana vumbi na jua, usiku kwenye mapati kando ya ziwa kila mtu anatafuta moto wa kuota. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana kipupwe chao: Arusha inavumilika, Mbeya inauma, na Njombe sitaki hata kuieleza, kule jirani yake Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu nyeupe kwenye majani. Yote nnayosema hapa yanafaa huko pia, ila ongeza nguo moja kwa kila mji niliotaja nikienda mbele.

Mchana kulikuwa na jua, si usiku pia itakuwa sawa?

Hapana. Hata kidogo.

## Kuvaa nguo juu ya nguo

Nianzie wapi, nivae nini kwanza?

Anza na nguo ya kushika mwili. Iwe nyembamba, mikono mirefu, na isiwe pamba tupu, manake pamba ikinywa jasho haikauki na inakukalia mgongoni kama kitambaa cha maji. Zile fulana za mazoezi za poliesta zenye mikono mirefu ni nzuri sana na kwa mtumba ni bei ya karibu bure. Wanawake wengi taiti na bodi ya kubana tayari ziko kabatini.

Juu ya hapo weka kitu cha kutunza joto: sweta ya sufu, flisi (kile kitambaa laini chepesi chenye manyoya), au hudi nzito, yaani sweta yenye kofia. Sufu ndio mfalme kwa sababu hata ikipata unyevu bado inapasha. Flisi inafuata, nyepesi na inakauka upesi, ubaya wake upepo unapita ndani kama chandarua.

Mwisho weka ganda la kuzuia upepo na manyunyu. Jaketi la nailoni, la ngozi, koti refu, chochote ambacho ukikiweka mdomoni ukapuliza pumzi haipiti upande wa pili. Hicho ndicho kipimo changu sokoni na wauzaji wananicheka lakini kinafanya kazi.

Si ninunue tu jaketi moja zito niyamalize?

Shida ya jaketi moja zito ni kwamba lina hali mbili tu, liko au haliko. Shoo ina vipindi. Kuna foleni ya getini unaposimama saa nzima bila kusogea, hapo unaganda. Kuna wakati msanii mkubwa amepanda na wewe uko katikati ya watu elfu tano mnaruka, hapo ni Mombasa mwezi wa pili. Alafu kuna ule wakati muziki umezimwa, taa zimewashwa, jasho liko mgongoni, na unatembea kwenda kutafuta gari. Huo wa tatu ndio unaowatetemesha watu mpaka nyumbani, wanasema nimeshikwa na homa ya shoo, kumbe ni jasho limepoa likiwa mwilini.

Ukiwa na nguo tatu nyembamba unavua moja ukianza kucheza, unafunga kiunoni, unairudisha dakika tano kabla hujatoka. Kabla nasema, sio baada. Ukingoja mpaka utetemeke ushachelewa, nguo haitengenezi joto, inatunza lile ulilo nalo.

Na jinzi?

Jinzi ni pamba, ikilowa miguuni ni kama umevaa mabati, na haikauki mpaka kesho kutwa. Lakini najua mtavaa jinzi hata nikisema nini kwa hivo fanyeni hivi: vaa taiti au lile suruali jembamba la mazoezi ndani, jinzi ya juu isiwe ya kubana sana ili kuwe na hewa kidogo katikati, na usizivae zile zimechanika magoti. Nlikuwa nauza nje ya geti moja Lang'ata, akaja kijana na jinzi ya matundu akanunua shuka, akajifunga kiunoni kama msuli na akaingia hivo. Akapendeza kuliko alivokuja.

Nikivua jaketi nitaliweka wapi? Hakuna pa kuacha nguo.

Kweli kabisa, shoo nyingi za hapa hazina sehemu ya kuacha koti, na ukiliweka chini umelichangia. Ndio maana nasema nguo tatu nyembamba, sio moja kama godoro. Sweta kiunoni, jaketi jepesi linalokunjika linaingia kwenye kibegi cha kifuani. Mkija na gari ya rafiki acha nguo moja kavu kwenye buti ya gari, fulana tu na soksi, ya kubadilisha mkitoka. Hiyo fulana kavu saa kumi alfajiri usiipime thamani.

Na wageni mnaokuja kutoka nje, msibebe nguo kwenye ile mifuko ya plastiki ya dukani, Kenya ilipiga marufuku tangu mwezi wa nane 2017 na Tanzania mwezi wa sita 2019. Beba wa kitambaa.

Mambo ya vito vya thamani na simu?

Mfuko wa ndani wenye zipu, basi. Koti lenye mifuko ya nje iliyo wazi kwenye umati ni zawadi kwa wenye vidole vyepesi.

## Miguu, kichwa na mikono

Viatu gani?

Hapa ndipo watu wanakosea kuliko popote, wanavaa koti la maana alafu chini wana raba za kitambaa. Baridi nyingi ya shoo inaingia kwa nyayo. Kwenye uwanja wa saruji, kama pale KICC katikati ya mji, saruji inakunyonya joto usiku kucha kupitia soli. Kwenye nyasi, Uhuru Gardens au Ngong Racecourse, shida ni umande na tope, soli nyembamba inalowa ukiwa hata hujafika kwenye steji.

Unataka soli nene, kiatu cha ngozi au cha kitu kisichopitisha maji, na kimepanda juu ya kifundo. Buti fupi za ngozi ndio jibu kwa wanaume na wanawake, zinaenda na kila kitu na hata tope likishika unapangusa na kitambaa. Raba nyeupe mpya achana nazo, utashinda usiku mzima unaangalia chini badala ya kuangalia jukwaa. Gambuti ni za shambani, ingawa nimeona dada mmoja na gambuti nyeusi fupi na koti refu la kijivu nikanyamaza mwenyewe.

Kama soli yako ni nyembamba na huna kiatu kingine, kata gazeti kwa umbo la mguu, karatasi tatu nne, weka chini ya soksi ndani ya kiatu. Ni ushamba? Ndio. Unaonekana? Hauonekani.

Visigino virefu vinawezekana?

Kwenye saruji na kisigino kinene, jaribu. Kwenye nyasi kisigino chembamba kinazama na utakuwa unang'olewa kama muhogo. Soma swali la juu.

Soksi mbili ni bora kuliko moja?

Inategemea kiatu. Kama kiatu kinabaki na nafasi vidole vinacheza, sawa, ya chini nyembamba ya juu nene. Kama kinabana, soksi ya pili inakaba damu na miguu inakuwa baridi zaidi kuliko ungevaa moja, na hii watu hawaiamini mpaka iwafike. Ukijua utavaa soksi nene nenda ujaribu kiatu ukiwa nazo.

Ni kweli nusu ya joto inatokea kichwani?

Hapana, huo ni uvumi wa zamani. Kichwa kinapoteza joto kadiri ya ukubwa wake tu kama sehemu nyingine. Ila umeshafunika kila kitu na kichwa na shingo viko wazi, basi hapo ndipo pa kutokea pamebaki. Mavin na skafu vinafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Mavin (Tanzania mnaita mzula) si itaniharibia nywele?

Itakuharibia, nisikudanganye, hasa kama umetoka kutengeneza. Wenye nywele zao za asili shonea kitambaa laini cha satini ndani ya mavin, au vaa kiskafu cha satini kwanza, nyuzi za sufu hazitazikwaruza. Wenye rasta na misuko mirefu, acha mavin, funika masikio na kitambaa cha kichwani kipana, alafu rasta zenyewe zifanye kazi ya skafu, unazizungusha shingoni. Kilemba pia kinakubali. Kilemba kikubwa cha kitenge usiku wa Julai ni joto na ni pambo, sijui kwa nini hamkitumii.

Glavu?

Zile zisizo na vidole, manake ukivaa kamili utavua kila ukitaka kupiga picha mpaka moja ipotee. Mimi nilishapoteza za kushoto nne.

## Kupendeza

Nikivaa yote hayo sitaonekana kama soja wa geti?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Mnajua soja wa geti anavaa nini: koti zito mpaka magotini, boshori imebaki macho, gambuti, na chini ya koti kuna koti lingine. Na ukweli ni kwamba yeye peke yake kwenye ile shoo ndio hatetemeki. Hamumzidi akili, mnamzidi kupanga tu.

Tofauti ya soja na mtu aliyevaa vizuri ni mahali nguo inapokatika. Kama juu ni pana, chini iwe ya kubana, na kama chini ni pana juu iishie kiunoni. Kila kitu kikiwa pana unakuwa gunia, kila kitu kikibana huwezi kuweka nguo za ndani na unarudi kwenye baridi. Jaketi fupi lililovimba na suruali ndefu iliyonyooka, sawa. Koti refu mpaka goti, ndani hudi, chini suruali nyembamba na buti, sawa zaidi.

Kitu kingine, chagua kipande kimoja cha kuongea. Skafu ya rangi kali, au koti lenye mchoro, au buti za kipekee. Vingine vyote vikae kimya, nyeusi, kijivu, udongo, kijani kibichi. Halafu zile nguo za ndani ambazo zitaonekana ukivua zipendeze pia, usije ukavua jaketi katikati ya shoo ukabaki na fulana ya kampeni ya uchaguzi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mgombea mwenyewe alishindwa.

Kinguo kifupi nimeshakinunua. Nakivaaje?

Vaa dada, hakuna wa kukuzuia. Chini weka taiti mbili, ya ndani nene ya rangi ya ngozi yako, ya juu nyeusi nyembamba, zikikaa pamoja haionekani kuwa ni mbili. Buti ndefu mpaka chini ya goti. Koti lililo refu kuliko gauni. Nyuma na mapaja yakiwa yamefunikwa mtu anavumilia, yakiwa wazi anamaliza shoo kwenye foleni ya chai. Picha piga mapema koti likiwa wazi, saa tatu, kabla pua haijaanza kuwa nyekundu.

Naweza kwenda na nguo za kwetu nisigande?

Unaeza na inapendeza kuliko mitindo ya kuiga. Shuka la Kimaasai ndio la kwanza, lile nzito sio lile jembamba la kuuzia watalii, unalitupia begani juu ya jaketi jeusi na ukikaa chini unalitandika au unajifunika na mwenzio. Blazia au koti la kitenge lipo la kila aina, lakini hakikisha fundi ameweka bitana nene, kitenge chenyewe ni pamba nyembamba, hakina joto. Mwambie fundi aweke flisi ndani, atakushangaa kidogo kisha atakushonea.

Leso na kikoi sisi watu wa pwani tunatembea nazo popote hata hatujui kwa nini. Peke yake leso haikusaidii, ila ikikunjwa mara mbili shingoni chini ya jaketi inaziba kile kitundu cha kola ambacho upepo unapenda, na ikibidi inakuwa skafu, mkeka, taulo, na mlango wa choo. Blanketi nalo sio aibu Nairobi, kuna tamasha la hapa, Blankets and Wine, tangu 2008 limebeba blanketi mpaka kwenye jina.

Navaa buibui na hijabu, nifanye nini tofauti?

Wewe umeshatuzidi, kichwa na shingo vimefunikwa bila kupanga. Chagua hijabu ya jezi nzito badala ya shifoni, ndani ya buibui vaa suruali ya joto na sweta ya shingo ndefu isiyovimba, hakuna anayeiona. Cha kuangalia ni pindo, kwenye nyasi zenye umande linanyonya maji na kupanda mpaka magotini. Buibui liishie kwenye kifundo na ndani uwe na buti, au lifungwe kidogo na mkanda juu. Jaketi fupi la ngozi juu ya buibui jeusi, hapo wenye shoo yao watakuuliza kama wewe ndio msanii.

Jaketi la kombati, lile la madoa ya jeshi?

Usijaribu. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na shoo ndio mahali askari wamejaa getini. Hata kama umeliletewa na shangazi kutoka ng'ambo na huko wanavaa watoto wa shule. Liache nyumbani.

## Kununua

Nikanunue wapi na sina hela nyingi?

Mtumba. Nguo za baridi ndio kitu mtumba wetu uko tajiri nacho, manake zinatoka kwenye nchi za baridi kweli. Soko la Gikomba kwa mwenye nguvu ya kubanana, soko la Toi kwa anayetaka kutembea taratibu. Ukifika alfajiri wakifungua belo unapata kamera, yaani zile safi za kuchaguliwa kwanza, bei iko juu. Ukija jioni unakuta fagia, rundo la mwisho la kumaliza, na humo kwenye fagia ndimo nlipopata koti langu la sufu la shilingi mia nne kwa sababu lilikuwa limekosa vifungo viwili.

Nunua mwezi wa nne au wa tano. Julai kila mtu anatetemeka na muuzaji anaona meno yako yakigongana, bei atakayokutajia ni ya hayo meno.

Nitajuaje kama jaketi ni zuri?

Soma lebo ya ndani, kama imeandikwa sufu asilimia nyingi chukua. Lipulize kama nilivoeleza kwenye swali la kwanza la kuvaa. Vuta zipu juu chini mara tatu, zipu mbovu ni jaketi bovu, kuibadilisha utalipa karibu bei ya jaketi lenyewe. Zile jaketi zilizovimba zibonyeze mkononi alafu uachie, zikirudi kuvimba ni nzima, zikibaki bapa vitu vya ndani vimekufa. Angalia kwapa na kola kwenye mwanga wa nje, sio chini ya turubai ya buluu, turubai inabadilisha rangi zote.

Likifika nyumbani lifue kabla ya kulivaa, halafu pasi kwa nguo inayokubali pasi. Harufu ya belo haifichwi na marashi.

## Usiku wenyewe

Mvua ikinyesha? Nibebe mwavuli?

Mageti mengi watakunyang'anya mwavuli, na hata wakikuachia aliye nyuma yako atakuchukia. Beba poncho nyepesi inayokunjika mfukoni. Mvua ya Julai mara nyingi ni manyunyu tu, rasharasha ya kero, sio ile ya mwezi wa nne ya kubeba magari, lakini manyunyu ya masaa matatu yanalowesha sawasawa tu.

Si nikunywe mbili tatu nipate joto?

Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unahisi umepata joto kumbe ndio linatoka. Ndio maana mlevi anavua shati kwenye baridi. Kunywa kama unakunywa, lakini usiihesabu kama sweta. Kinachopasha ni chakula na kinywaji cha moto: supu, chai ya tangawizi, dawa ya ndimu na asali, mutura mbili (utumbo uliojazwa nyama) za kando ya barabara. Kula vizuri kabla ya kutoka, tumbo tupu halina kuni za kuchoma.

Narudi na boda. Kuna ujanja?

Upepo wa boda unafanya digrii 11 zihisiwe kama 7. Angalia madereva wenyewe, wanavaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi unakaa kifuani ili upepo usipate zipu pa kuingilia. Fanya hivohivo. Huna cha kuzuia upepo? Gazeti chini ya sweta kifuani. Na usipande ukiwa na jasho bichi, simama kando kwanza, jikaushe, funga shingo, ndio upande.

Nina sikoseli, au pumu. Niende kweli?

Muulize daktari wako kwanza, hili sio la kuulizana mtandaoni tu. Kwa wenye sikoseli baridi yenyewe inaweza kuamsha maumivu, pia kukosa maji mwilini, kwa hivo hakuna kujaribu jaribu: chagua shoo ya ndani ya ukumbi au ya mchana, vaa joto kabla hujahisi baridi, kunywa maji, beba dawa zako, na awepo mtu mmoja anayejua hali yako. Wenye pumu pampu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, sio kwenye gari, na skafu mdomoni na puani ili hewa iingie imepata joto kidogo.

Naenda na mtoto.

Ya mchana tu. Mvalishe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, manake amebebwa, hachezi. Mzibe masikio na vile vizuizi vya sauti, sio kwa ajili ya baridi, ni kwa ajili ya spika. Ikifika saa kumi na mbili jioni rudini.

Nimeshalowa na shoo haijaisha.

Vua kilicholowa karibu na ngozi, hata kama unabaki na nguo chache, nguo moja kavu ni bora kuliko tatu mbichi. Nenda chooni ubadilishe, weka ile ya kiunoni. Ukianza kutetemeka bila kuweza kujizuia, au rafiki yako ameanza kuongea kama ulimi mzito na hajanywa, shoo imeisha kwenu, mpelekeni ndani penye joto, mumpe kitu cha moto na muone watu wa huduma ya kwanza.

Nikifika nyumbani niwashe jiko la makaa chumbani?

USIWASHE. Kila msimu wa baridi kuna nyumba watu wanalala na jiko ndani na hawaamki, ile hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki. Oga maji ya moto, vaa soksi kavu, ingia blanketini. Viatu vijaze magazeti, usiviweke karibu na moto, ngozi inapasuka.

Jaketi linanuka moshi wa nyama choma, linatokaje?

Litundike nje penye upepo siku moja, ligeuze ndani nje, alafu ndio ufue kama bado. Tatizo ni kwamba Julai hakuna kinachokauka Nairobi. Langu nimelifua wiki mbili zilizopita, liko kwenye kamba sa hii naliona dirishani, na Jumamosi nina shoo.